Si kila hitilafu hupiga kelele

Swali la msomaji: "Kwa miaka minne nimekuwa kwenye dawati la msaada la kampuni ya mawasiliano. Sasa nimeitwa kwenye usaili wa nafasi ya mtaalamu mwandamizi wa usaidizi wa programu katika huduma ya afya ya umma. Seva nazijua, SQL (lugha ya kuulizia hifadhidata) naandika, na foleni ndefu ya tiketi za maombi ya msaada hainitishi. Tiba siijui hata kidogo. Je, kazi ni ileile ila watumiaji ndio wengine? Na wataniuliza nini ambacho sijawahi kuulizwa?"

Ndugu msomaji, nianze na ulilouliza mwisho. Jopo la usaili wa nafasi hii hupenda kuleta kisa, na kisa chenyewe huwa na sura kama hii. Ni saa tatu asubuhi. Simu tatu zimeingia kwa mpigo. Mkurugenzi hawezi kufungua ripoti yake na kikao kinaanza baada ya nusu saa. Mapokezi ya kliniki, printa ya lebo imegoma na foleni ya wagonjwa imefika mlangoni. Muuguzi wa wodi ya watoto anasema, kwa sauti ya kawaida tu, kwamba uzito wa mtoto mmoja kwenye skrini "unaonekana kama si wake". Unaanza na nani?

Aliyelelewa na dawati la kawaida hupanga kwa idadi ya walioathirika, au kwa cheo cha aliyepiga simu. Kwa mizani hiyo muuguzi huwa wa mwisho: mtumiaji mmoja, mgonjwa mmoja, na mfumo wenyewe unafanya kazi. Mimi ningeanza naye. Dozi nyingi za watoto hukokotolewa kwa kilo za uzito. Kama uzito wa mtoto mwingine umeingia kwenye faili la huyu, basi huenda watoto wawili wana taarifa mbovu, na pengine kuna rekodi zilizounganishwa vibaya ambazo zimegusa wengine tusiowajua bado. Foleni ya mapokezi inauma, lakini inaonekana, na watu walioiona tayari wanatafuta njia ya kuipunguza. Uzito usio sahihi haumsumbui mtu yeyote mpaka sindano ijazwe.

Hapo ndipo kazi hii inapoachana na uliyoizoea. Mtandao wa simu ukikatika, wateja watakwambia kabla hujaangalia skrini yako. Mfumo wa hospitali nao ukizimika, wodi hujua papo hapo, hutoa fomu za karatasi na kazi huendelea kwa shida. Ninachokiogopa zaidi ni mfumo unaoendelea kuwaka vizuri huku ukionyesha jambo ambalo si kweli, au ukificha jambo lililo kweli. Hakuna anayepiga simu, kwa sababu hakuna anayejua.

Uingereza iliyaona haya hadharani mwaka 2020. Matokeo ya vipimo vya virusi vya korona yalikuwa yakikusanywa kwenye faili za Excel za muundo wa zamani, ambao haubebi zaidi ya safu mlalo 65,536. Kila mgonjwa alichukua safu kadhaa. Faili zilipojaa, safu za ziada ziliachwa nje, kimya kabisa. Wagonjwa 15,841 waliopatikana na virusi kati ya tarehe 25 Septemba na 2 Oktoba hawakuingia kwenye hesabu za taifa kwa wakati, na wafuatiliaji wa watu waliokutana nao hawakupewa majina. Wagonjwa wenyewe walipata majibu yao, kwa hiyo hakuna aliyelalamika. Seva hazikuanguka. Fikiria ungekuwa zamu siku hizo: ubao wako wa ufuatiliaji ungeonyesha kijani mwanzo hadi mwisho.

Kwa hiyo jambo la kwanza ningelitafuta kwa mtaalamu mwandamizi ni mazoea ya kuhesabu pande zote mbili. Maabara imetoa majibu mangapi leo tangu saa kumi na mbili asubuhi? Wodi zimepokea mangapi? Kama namba hazilingani, kuna mahali yanabaki. Wakati fulani, katika hospitali niliyoifanyia kazi, maabara ilianzisha kipimo kipya siku ya Jumatatu. Msimbo wa kipimo hicho haukuwa umeingizwa kwenye programu ya kati inayopeleka ujumbe baina ya mifumo, na programu hiyo ilikuwa imepangwa na mtu fulani, miaka mingi nyuma, kutupa ujumbe usioutambua. Haikuweka kando wala haikutoa onyo. Tulijua Alhamisi, pale mtaalamu wa maabara aliposhangaa kwa nini madaktari wanaagiza upya kipimo alichokwisha kukijibu. Siku tatu. Hakuna aliyedhurika, lakini nilikaa na orodha ile ya majina na kuipitia mmoja mmoja pamoja na daktari, na sijaisahau. Tangu hapo, mahali popote ninapofika, naomba kwanza kuonyeshwa ujumbe uliokataliwa unakwenda wapi. Ukiona watu wanatazamana, umeshapata kazi ya mwezi wako wa kwanza.

Kuhusu tiba: huhitaji kujua kutibu. Unahitaji kujua safari. Chukua sampuli moja ya damu. Daktari anaagiza, agizo linapata namba, lebo inachapwa, muuguzi anatoa damu na kubandika lebo, sampuli inapokelewa maabara, mashine inaisoma, mtaalamu anathibitisha jibu, ujumbe unarudi kwenye faili la mgonjwa, na mtu fulani analisoma. Katika kila kituo kuna programu, na mara nyingi ni programu za watengenezaji tofauti zinazozungumza kwa HL7, kiwango cha ujumbe wa afya ambacho asili yake ni mwaka 1987 na bado kinabeba sehemu kubwa ya mzigo. Ukiweza kumuuliza mtumiaji swali linalojua vituo hivi, yaani "lebo ilichapwa? maabara wanasema wameipokea?", utaona sauti yake inabadilika. Amejua anaongea na mtu anayeielewa kazi yake.

Jifunze pia vipimo vinavyotumiwa kuandika majibu, kwa sababu humo kuna mitego ambayo SQL haikufundishi. Sukari ya damu huandikwa kwa mmol/L (milimoli kwa lita) mahali pengine na kwa mg/dL (miligramu kwa desilita) kwingine, na tofauti yake ni kuzidisha kwa 18 hivi. Jibu la 5.5 kwa kipimo cha kwanza ni karibu 99 kwa cha pili, na yote mawili ni sukari ya kawaida ya mtu aliyefunga kula. Lakini tupa jina la kipimo ubaki na namba tupu, na namba hiyo haina maana tena. Katika ujumbe wa HL7 wa toleo la pili, thamani ya jibu hukaa kwenye uga wa tano wa sehemu iitwayo OBX na kipimo chake kwenye uga wa sita. Anayeunganisha mashine mpya akiusahau uga wa sita, kompyuta haitalalamika. Ni herufi tu. Ungejua vipi kuna kosa kama hujui kwamba sukari ya 99 kwa mmol/L ni jambo la dharura kuu? Vivyo hivyo na potasiamu: jibu lake likiwa juu sana, moyo unaweza kusimama, kwa hiyo tiketi ya "majibu ya potasiamu yanachelewa" na tiketi ya "majibu ya kolesteroli yanachelewa" hazina uzito mmoja, hata kama zimetoka kwenye hitilafu moja. Waulize watu wa maabara wakupe orodha ya majibu wanayolazimika kuyapigia simu. Huo ni ukurasa mmoja wenye manufaa kuliko kozi nyingi.

Jambo la pili ni kumsikiliza mtumiaji, na hapa nitakaa kidogo. Kati ya 1985 na 1987, mashine ya mionzi ya kutibu saratani iitwayo Therac-25 iliwapa wagonjwa sita, Marekani na Kanada, dozi kubwa kupita kiasi, na baadhi yao walifariki. Chanzo kilikuwa ndani ya programu. Katika kituo kimoja cha saratani cha Tyler, Texas, mwaka 1986, skrini ilitoa ujumbe "Malfunction 54", maneno ambayo hayakumwambia mwendeshaji lolote la maana. Mashine ilikuwa na kawaida ya kusimama kwa vijisababu, na waendeshaji walikuwa wamezoea kubonyeza kitufe kimoja ili iendelee. Mtengenezaji alikuwa akishikilia kwamba mashine haiwezi kutoa dozi ya kupita kiasi. Aliyefumbua fumbo ni mwanafizikia wa kituo hicho, Fritz Hager, pamoja na mwendeshaji mwenyewe. Walikaa kwenye mashine wakarudia, tena na tena, alivyokuwa ameandika siku ile, mpaka kosa likajitokeza. Mwendeshaji alikuwa mzoefu, anaandika haraka. Alikosea herufi moja, akarudi, akasahihisha, na akamaliza ndani ya sekunde nane, wakati sumaku za mashine bado zinajipanga. Mtu wa kujaribu taratibu asingeliona kosa hilo kamwe.

Kisa hicho kimebeba nusu ya kazi utakayoifanya. Mtumiaji atakwambia "imefanya tena", wewe utajaribu mezani kwako na kila kitu kitakwenda sawa. Kwenye dawati la kawaida tiketi hiyo hufungwa kwa maneno "imeshindikana kurudia". Hapa, inuka uende wodini. Simama nyuma yake atumie mfumo anavyoutumia yeye, kwa kasi yake, huku akikatizwa na simu na mgonjwa akiita. Tazama vidole. Utakuta ana madirisha mawili ya wagonjwa wawili yaliyofunguliwa pamoja, au anabonyeza kitufe cha kurudi nyuma cha kivinjari, au ametumia kompyuta aliyoiacha mwenzake bila kutoka kwenye mfumo. Ukikuta wodi nzima inatumia nywila ya mtu mmoja, usitangulize barua ya onyo. Pima kwanza kuingia kwenye mfumo kunachukua sekunde ngapi. Ikiwa ni dakika nzima, na muuguzi anapaswa kuingia mara arobaini kwa zamu, basi mmeiandika sheria isiyofuatika, na dawa yake iko upande wako.

Jambo la tatu linahusu mikono yako. Utapewa ruhusa ya kuandika moja kwa moja kwenye hifadhidata ya mfumo unaotumika. Umri wa kazi hauwi ngao hapa. Kabla ya kubadilisha chochote, hesabu kwanza ni safu ngapi zitaguswa na uiandike namba hiyo kwenye tiketi. Hifadhi zilivyokuwa. Endesha badiliko ndani ya muamala unaoweza kurudishwa nyuma, linganisha namba, na mwenzako awe anatazama skrini hiyohiyo. Yote hayo pengine unayafanya tayari. Ambacho pengine hujakutana nacho ni hiki: hata badiliko lililo sahihi kabisa linaweza kuwa kosa. Tuseme daktari aliona jibu bovu saa nne na akampa mgonjwa dawa kwa kulitegemea. Wewe saa sita ukalisahihisha kimyakimya kwenye hifadhidata. Jibu sasa ni sahihi, lakini faili linaonyesha daktari aliyetoa dawa bila sababu, na hakuna alama ya kilichotokea. Kwa hiyo marekebisho ya taarifa za tiba hufanywa na mwenye dhamana ya taarifa hizo, kupitia skrini za mfumo, ili la zamani libaki likionekana na jina la aliyesahihisha liandikwe. Kazi yako ni kumwonyesha wapi, kumpa orodha ya wagonjwa walioguswa, na kuhakikisha hakuna aliyeachwa. Hilo la orodha ndilo gumu. "Nani mwingine?" ndilo swali linalomtenganisha mwandamizi na wengine.

Kuunganisha rekodi ni mfano mchungu wa hayo. Mgonjwa ana faili mbili, unaziunganisha, dakika moja. Ikigundulika baadaye kwamba walikuwa watu wawili wenye jina moja na tarehe moja ya kuzaliwa, au mapacha waliosajiliwa siku waliyozaliwa kwa jina la mama, kuzitenganisha ni kazi ya siku kadhaa, maana kila jibu na kila dawa iliyoandikwa baada ya hapo inabidi mtu aamue ni ya nani. Ukiwa na shaka, ziache mbili. Faili mbili za mtu mmoja ni usumbufu. Faili moja la watu wawili ni hatari.

Siri za wagonjwa nitazisema kwa ufupi kwa kuwa kanuni yake ni fupi: kuwa na ruhusa ya kufungua faili si sababu ya kulifungua. Usitafute jirani, usitafute mtu mashuhuri, usijitafute mwenyewe. Kila ufunguaji huandikwa. Na picha ya skrini yenye jina la mgonjwa isiingie kwenye tiketi, sembuse kwenye barua pepe ya mtengenezaji wa programu.

Huyo mtengenezaji mtakuwa naye kila wiki. Mara nyingi huruhusiwi kugusa programu yenyewe, unaweza tu kuthibitisha kwamba ina kosa. Kwa hiyo andika kama shahidi: saa kamili, toleo, hatua kwa hatua, kilichotarajiwa, kilichotokea, na madhara kwa mgonjwa kwa sentensi moja iliyo wazi. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayoisogeza tiketi yako mbele. "Skrini ya dawa hukawia" itasubiri. "Muuguzi anaweza kutoa dozi ya pili kwa sababu ya kwanza haionekani kwa dakika sita" haisubiri. Lakini usitie chumvi hata mara moja, maana siku utakapokuwa na dharura ya kweli utahitaji neno lako liaminiwe.

Kisha kuna siku ambayo kila kitu kitazimika, na itakuja. Tarehe 12 Mei 2017 programu hasidi ya WannaCry ilivuruga karibu theluthi moja ya taasisi za huduma ya afya ya taifa huko England, ilhali Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha kuziba tundu lile tarehe 14 Machi. Miaka minne baadaye, tarehe 14 Mei 2021, huduma ya afya ya Ireland ililazimika kuzima mifumo yake nchi nzima baada ya wavamizi kufunga data. Waliingia tangu tarehe 18 Machi, kwa faili moja lililofunguliwa kutoka kwenye barua pepe, na dalili zao zilionekana mara kadhaa kabla ya siku yenyewe bila mtu kuzifuatilia hadi mwisho. Siku chache baadaye wavamizi walitoa ufunguo bila malipo. Pamoja na hayo, kazi ya kurejesha seva zote ilifika Septemba. Ninapowaeleza vijana habari hii husisitiza ile Septemba. Wengi hudhani ukishapata ufunguo au nakala rudufu umepona. Bado kuna majibu, dozi na vipimo vya siku zote zile vilivyoandikwa kwenye karatasi, na kila karatasi inatakiwa iingie kwenye faili sahihi, kwa saa ambayo jambo lilitokea na si saa lililoingizwa, na kwa mpangilio usiofanya dawa iliyokwisha kutolewa ionekane bado inasubiri. Mpango wa kurudi kutoka kwenye karatasi ndio ambao hospitali nyingi hazijauandika. Ukiuliza juu yake kwenye usaili, watu wa upande wa tiba watakugeukia.

Ukipata kazi, usikubali pia toleo jipya liwekwe "usiku kwa kuwa hakuna watu". Hospitali haina saa ya kufunga. Usiku ndiyo wakati wauguzi ni wachache na hakuna wa kuwasaidia kuandika kwa mkono. Waulize wodi mzunguko wa dawa ni saa ngapi, kisha upange.

Umeuliza kama kazi ni ileile. Zana ni zilezile, na miaka yako minne si bure. Utulivu kwenye simu ni kipaji ambacho wataalamu wengi wa seva hawana. Kitakachobadilika ni unachokipima unapoamua.

Na wakikupa kile kisa cha uzito wa mtoto, jibu lako lisianzie kwenye hifadhidata. Mwambie muuguzi, kabla hujafungua chochote: usitoe dawa yoyote kwa uzito huo, mpime mtoto sasa hivi, andika kwenye karatasi, nami nabaki kwenye simu. Mtoto yupo pale, na mizani ipo pale. Ukishasikia namba halisi, hapo ndipo uanze kutafuta ile nyingine ilitoka kwenye faili la nani.